Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Safari za Theluji katika Milima ya Andes

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha mtazipata kwa mweka hazina. Mimi nitazungumzia milima, hasa yale yaliyotupotezea siku za kuteleza msimu huu, maana karibu yote yangezuilika kabla mtu hajafunga buti.

Naanza na mwinuko. Valle Nevado, kituo cha kuteleza juu ya Santiago, Chile, iko kama mita 3,000 na lifti zake zinafika mita 3,670. Waliopanda Kilimanjaro watanielewa upesi: hapo ni karibu sawa na kambi ya Horombo, mita 3,720, ambako mpandaji hufika siku ya pili kwa miguu yake. Kutoka Santiago, mji ulio mita 500 na kitu, unafika kwa gari asubuhi ileile. Kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi wa mang'amung'amu usiku wa kwanza watu huvidhania uchovu wa ndege, kesho yake wakapanda mpaka juu. Kuanzia sasa siku ya kwanza ni nusu siku, miteremko ya chini tu, maji kwa wingi, pombe ikae kando. Anayetumia asetazolamidi, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, aongee na daktari wake na aanze siku moja kabla ya kupanda. Anayeyumba akitembea, au anayehema hali amekaa, hangoji kupambazuke. Anateremshwa saa hiyohiyo.

Barabara nayo ina mambo yake. Njia ya Farellones, ya kupandia Valle Nevado, ina kona zilizopewa namba, na mwisho wa wiki na sikukuu polisi wa Chile, Carabineros, huifanya ya upande mmoja: asubuhi kupanda, alasiri kushuka. Ukichelewa zamu ya kupanda, siku imekwenda. Minyororo ya matairi mbebe hata kama gari linavuta magurudumu yote manne. Gari moja la kukodi tulikabidhiwa na minyororo ya saizi nyingine, na hilo liligundulika theluji ikiwa tayari imeanza kuanguka. Someni namba zilizo ubavuni mwa tairi, kwa mfano 215/65 R16, mzilinganishe na za kwenye boksi, kisha mfunge mara moja mjini, mikono ikiwa bado ina joto. Minyororo huvalishwa magurudumu yanayovuta. Tandaza mnyororo, upitishe nyuma ya tairi, funga ndoano ya ndani kwanza, halafu ya nje, ndipo ukaze. Endesha mita 50, simama, kaza tena, kwa sababu mnyororo ukishajikalia hulegea, na uliolegea hupigapiga na unaweza kukata bomba la breki. Mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa.

Portillo, kituo kingine cha Chile, mita 2,880 kando ya ziwa Laguna del Inca, iko kwenye barabara kuu iendayo Argentina. Dhoruba ya Pasifiki ikishuka, barabara inaweza kufungwa siku kadhaa. Basi msinunue tiketi ya ndege ya siku mtakayoshuka mlimani. Acheni siku mbili katikati. Wa snoubodi mjue kwamba pale kuna lifti ya kuburuta inayovuta watu kadhaa waliojipanga bega kwa bega, tena kwa kasi. Imejengwa hivyo ili njia ya maporomoko ya theluji isiwe na nguzo za kung'olewa. Mmoja akianguka, wenzake wako mashakani.

Sasa jambo ambalo ningetamani kila mtu alikariri. Waliojifunzia Ulaya au Amerika Kaskazini wamezoea kwamba mteremko unaotazama kaskazini ndio wenye kivuli. Andes ni kinyume: jua liko kaskazini, na theluji baridi, kavu, inakaa kusini. Huko kusini ndiko pia tabaka dhaifu chini ya theluji hudumu muda mrefu. Mwezi Septemba anzeni na miteremko ya mashariki, fuateni kaskazini, mmalizie magharibi. Mteremko wa kaskazini baada ya adhuhuri ni uji, na uji huo huporomoka. Tena sehemu nyingi huku juu hakuna mti hata mmoja. Wingu likitua, ardhi na mbingu huwa rangi moja, huoni tuta wala shimo. Waliofunzwa kwenye ukumbi wa theluji wa Dubai hawajawahi kukutana na hali hii, na si kosa lao.

Kwa wanaotoka nje ya njia zilizosawazishwa: kifaa cha mawimbi cha kumtafutia aliyefukiwa na theluji, fimbo ndefu ya kuchomea thelujini kumgusa alipo, na beleshi la chuma, kila mtu vyake. Simu ikae sentimita 20 mbali na kifaa kinachotuma, 50 kinapotafuta. Kwenye mazoezi kosa lilijirudia: fimbo ikigusa mtu, watu huchimba palepale wima, na theluji inawarudia. Acheni fimbo ilipo, shukeni upande wa bondeni umbali wa mara moja na nusu ya kina alichofukiwa, mchimbe kuelekea ndani. Las Leñas, kituo cha Argentina, tusilipie wiki nzima kwa ajili ya lifti ya Marte peke yake, kwani upepo na hatari ya maporomoko huifunga mara kwa mara.

Kamati inapendekeza safari ijayo iwe Agosti, baada ya likizo za shule za Julai, na kila kundi liende mahali pamoja tu. Wanaoanza wataenda Cerro Catedral, karibu na Bariloche, Argentina: chini ni mita 1,030, kichwa hakiumi, ingawa mvua hunyesha pale chini huku juu ikiwa theluji. Wenye pasi za Tanzania na Kenya waanze viza sasa. Chile na Argentina ni maombi mawili mbalimbali. Na mwenye asali au matunda begini, akiingia Chile, kwenye fomu ya SAG, idara ya kilimo na mifugo, aandike “ndiyo”. Kutangaza ni bure, kuficha kuna faini.