Riwaya ya vijana wetu ianzie kilimani Buddo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze haja ambayo sisi walimu wa Kiswahili hapa Uganda tunaiona darasani kila muhula, nayo ni haja ya riwaya ya vijana iliyoandikwa kwa Kiswahili, yenye maisha ya shule ya bweni na viumbe wa ajabu wa masimulizi yetu wenyewe.

Muhula uliopita wasichana wa kidato cha pili walikuwa wakipokezana riwaya moja ya Kiingereza kuhusu wanafunzi wanaosoma pamoja na majoka wenye mabawa. Jalada lilikuwa limeng'oka, likashonwa upya kwa uzi wa sare, na upande wake wa ndani waliandika kwa penseli orodha ya zamu, majina kumi na tisa, kila mmoja na usiku wake. Msichana wa zamu ya kumi na sita alikuja kuniuliza kama ipo ya namna hiyo kwa Kiswahili. Nilimfungulia kabati letu, ambamo mna vitabu vya kiada, kamusi mbili, na riwaya chache za watu wazima zinazohusu siasa na ndoa. Alinishukuru kwa adabu, akaondoka mikono mitupu.

Katiba yetu, tangu marekebisho ya mwaka 2005, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Niliupokea uamuzi huo kwa furaha kubwa. Hata hivyo, wazee wengi hapa bado wanakikumbuka Kiswahili kama lugha ya askari waliowafokea kwenye vizuizi vya barabarani, na wajukuu wao wanakijua kama ngeli za kukariri kabla ya mtihani. Mtoto anayejifunika blanketi na tochi ili ajue kilichompata shujaa wake hahitaji kulazimishwa na mtu yeyote kuipenda lugha anayoisoma.

Mwandishi atakayeikubali kazi hii hatahangaika kutafuta mahali pa kuanzia. Kilima cha Buddo, ambacho tangu mwaka 1906 kina shule ya bweni inayojulikana nchi nzima, ndicho kilima ambako Waganda husimulia kwamba Kintu, mtu wa kwanza na mfalme wa kwanza wa Buganda katika masimulizi yao, alimshinda Bemba, mtawala katili aliyekuwa nyoka. Hakushindwa kwa mkuki. Kobe alimwendea na kumsadikisha kwamba siri ya watu wa Kintu ni kukatwa vichwa usiku na kuamka wazima asubuhi, kisha akakivuta kichwa chake ndani ya gamba ili athibitishe. Bemba akaamini, akaomba naye akatwe. Sasa mfikirie mwanafunzi mgeni wa kidato cha kwanza, na sanduku lake la bati na godoro lake, akilala usiku wa kwanza juu ya kilima kama hicho, na chini ya sakafu ya bweni kitu kikijikunja. Katika Ziwa Viktoria yumo Lukwata, kiumbe wa kutisha anayesemwa kupindua mitumbwi ya wavuvi. Kiswahili nacho hakina upungufu wa maneno ya kuwabeba viumbe hawa, kwani kimelea zimwi, jini na nunda kwa karne nyingi.

Najua wapo wazazi na viongozi wa dini watakaoingiwa na hofu. Katika shule moja niliyowahi kufundisha, mvulana aliandika insha kuhusu Lukwata, na mwalimu mwenzangu akaipiga mstari mwekundu, akaandika pembeni "mambo ya mashetani", kisha daftari likapelekwa kwa mkuu wa shule. Mvulana yule hakuniandikia hadithi nyingine mpaka alipohama. Hofu yenyewe siidharau, maana nchi hii imeshuhudia watoto wakiuawa kwa jina la kafara. Lakini hadithi ya Walumbe haimfundishi mtoto kuabudu chochote. Nambi, mke wa Kintu, alirudi nyuma kuchukua nafaka ya ulezi ya kuku wake, ingawa alikuwa amekatazwa, na kaka yake Walumbe, ambaye ndiye kifo, akamfuata duniani. Kayikuzi, ndugu yao mwingine, alipotumwa kumkamata, Walumbe akajichimbia ardhini kule Tanda, katika wilaya yetu hii ya Mityana, ambako mashimo yanaonyeshwa hadi leo. Ninao wanafunzi waliomzika mzazi wakati wa likizo na kurudi darasani wiki iliyofuata bila kusema neno. Nilipowasimulia habari za Tanda, mmoja wao alibaki darasani baada ya kengele, akaniuliza kama Kayikuzi bado anamtafuta.

Nawaomba wachapishaji wa Kampala waliozoea kutuletea vitabu vya mitihani peke yake wathubutu kutoa riwaya moja ya namna hii, fupi na ya bei ambayo mzazi anaweza kuilipa. Nawe, Ndugu Mhariri, nakuomba safu moja kila wiki kwa hadithi ya mfululizo ya vijana. Yule msichana wa zamu ya kumi na sita ameanza kuandika yake, na katika ukurasa wa nne kobe amefika kwenye lango la shule akiomba kuonana na mwalimu wa zamu. Yuko tayari kukutumia.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Kiswahili,
Mityana, Uganda