Picha za altrasaundi ya tumbo zitaje upande na mlalo wa mgonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jambo linalowagusa watu wengi wanaopimwa tumbo kwa altrasaundi katika kliniki za miji yetu midogo, nalo ni picha zinazotolewa bila kuonyesha upande wa mwili wala namna mgonjwa alivyolala. Mashine ambazo zamani mtu alizifuata hospitali ya rufaa sasa zimefika hadi kwenye vituo vya biashara kando ya barabara, na hilo ni jema. Lakini karatasi ndogo anayokabidhiwa mgonjwa mara nyingi ina jina lake, tarehe na kivuli cha kiungo kimoja tu. Daktari anayeipokea katika hospitali ya pili hawezi kujua kama figo anayoiona ni ya kulia au ya kushoto, kwa sababu figo mbili za mtu mmoja hufanana sana pichani. Kipimo hurudiwa, na gharama humwangukia mgonjwa ambaye pengine ameshauza mbuzi ili alipie kile cha kwanza.

Kanuni yenyewe si ngumu. Kulia na kushoto katika elimu ya mwili ni kwa mgonjwa mwenyewe, si kwa anayemtazama, na mwili huelezwa kana kwamba mtu amesimama wima, uso mbele, mikono ikining'inia na viganja vikielekea mbele, hata kama wakati huo amelala kitandani. Tunapochukua mkato wa kukingama, yaani picha ya kipande cha mwili kinachotoka ubavu mmoja hadi wa pili, alama iliyo kwenye probu, kile kifaa kinachopitishwa juu ya ngozi, huelekezwa kulia kwa mgonjwa, na upande huo hutokea kushoto kwa skrini. Ni sawa na kukabiliana na mtu unayemsalimu: mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto. Ndiyo maana ini, ambalo sehemu yake kubwa imejificha chini ya mbavu za kulia, huonekana kushoto kwa picha. Katika mkato wa wima alama huelekezwa kichwani, na hapo kushoto kwa skrini ni upande wa kichwa, kulia ni upande wa miguu. Juu ya skrini ni pale probu ilipogusa ngozi, na kadiri unavyoshuka ndivyo unavyoingia ndani zaidi ya mwili.

Tatizo huanza pale mashine moja inapotumiwa na watu wa fani mbalimbali. Wapimaji wa moyo kwa kawaida huweka alama ya skrini, ile inayolingana na alama ya probu, upande wa kulia, sisi wa tumbo huiweka kushoto, na kitufe kimoja kinatosha kuigeuza picha nzima bila mtu anayefuata kutambua. Dawa yake ni kugusa ukingo mmoja wa probu kwa kidole chenye jeli kabla ya kuanza na kutazama ni upande gani wa skrini unaotikisika. Nimeona wapimaji wenye vyeti vizuri wakiudharau utaratibu huo wa sekunde chache.

Nitaambiwa kwamba mpimaji mzoefu haihitaji alama, kwa kuwa viungo vyenyewe vinamwelekeza. Ni kweli akiwa mbele ya skrini. Uti wa mgongo hutupa kivuli cheusi, na mbele yake hukaa mishipa miwili mikubwa: aota, ambayo ni ya duara na inadunda, kushoto kidogo kwa mgonjwa, na vena kava, ambayo hubonyea mtu anapovuta pumzi, upande wa kulia. Mbele zaidi kongosho limekingama, na mshipa wa damu utokao kwenye wengu unapita nyuma yake. Mwenye kuyaona hayo yote yakicheza hapotei. Lakini karatasi hubeba kipande kimoja kilichoganda, mara nyingi figo peke yake, na ishara hizo zote zimebaki nje ya picha.

Kwetu huku kaskazini-magharibi mwa Uganda hata kiungo jirani si shahidi wa kuaminika. Kwa kawaida figo ya kulia huonekana pamoja na ini na ya kushoto pamoja na wengu. Ila kando ya Ziwa Albert na Mto Nile, kuanzia Panyimur hadi Pakwach na kuendelea, kichocho cha matumbo kimewaharibu watu ini kwa vizazi vingi, na malaria nayo haijatuacha. Wengu uliovimba hushuka kimshazari kuelekea kitovu, wakati mwingine hukipita, huku sehemu ya kushoto ya ini ikikua hadi kukutana nao. Viungo hivyo viwili vina rangi ya kijivu inayokaribiana sana. Picha ya kijivu iliyo pembeni mwa figo, isiyo na neno lolote, inaweza kusomwa kuwa ini au wengu kwa kutegemea tu msomaji ameamini nini. Si bure kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kupima kichocho kwa altrasaundi, uliotokana na mkutano wa Niamey wa mwaka 1996 na kuchapishwa mwaka 2000, unaagiza sehemu ya kushoto ya ini ipimwe kwa mkato wa wima kwenye mstari ulio kando ya mfupa wa kidari, kushoto. Bila makubaliano ya namna hiyo, kipimo cha mwaka huu hakiwezi kulinganishwa na cha mwaka jana.

Mlalo nao ni sehemu ya jibu. Vijana wenye selimundu hupata sana vijiwe vya nyongo, na njia mojawapo ya kutofautisha kijiwe na uvimbe mdogo ulioota kwenye ukuta wa mfuko wa nyongo ni kumgeuza mgonjwa alalie ubavu wa kushoto: kijiwe kwa kawaida huviringika, uvimbe haubanduki. Ripoti ikisema "kimehama" bila kusema kutoka mlalo upi hadi upi, imesema nusu. Vivyo hivyo damu au maji yaliyovuja tumboni: mgonjwa akilala chali hutuama kati ya ini na figo ya kulia na chini kwenye nyonga, lakini akiketi hali hubadilika. Aliyeandika "hakuna maji" hana budi kueleza alimpima mtu akiwa katika hali gani.

Wapo pia, ingawa ni wachache, takriban mtu 1 kati ya 10,000, ambao viungo vyao vimepangika kinyume, ini likiwa kushoto na wengu kulia. Mpimaji anayekutana na mtu wa namna hiyo anapaswa kwanza kuishuku probu yake, kisha akishathibitisha aandike wazi, maana anayefuata atadhani ni picha iliyogeuzwa.

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Kila picha iandikwe kiungo, upande, aina ya mkato na mlalo, kwa herufi zilizopo kwenye kibodi ya kila mashine. Maofisa wa afya wa wilaya wanapokagua leseni za kliniki wadai pia sampuli za picha, kwa sababu cheti kilichobandikwa ukutani hakionyeshi kazi. Wauguzi na wakunga wanaokabidhiwa vifaa vidogo vya mkononi wafundishwe maelekezo ya mwili kabla ya kufundishwa kutafuta ugonjwa. Mahali pa kujifunzia tunapo, ikiwemo ECUREI, taasisi ya mafunzo na utafiti wa altrasaundi iliyo katika Hospitali ya Mengo, Kampala. Na mgonjwa aliyekabidhiwa karatasi isiyo na alama airudishe mezani palepale na kuomba iandikwe, wakati aliyempima bado anakumbuka alipoiweka probu.

Mpimaji wa altrasaundi,
Arua