Tonge ulilolirudisha kwenye sahani

Mpwa wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Simu yangu hupokei, ujumbe una tiki moja tangu Jumatatu, na mama yako kila nikimuuliza ananijibu "yupo, anapumzika". Basi nakuandikia huku huku unakoshinda ukisoma mambo ya watu. Wasomaji wengine mtusamehe, au mjifunze, vyovyote.

Kwanza hesabu. Barua yako ya kuachishwa kazi ina tarehe, na mimi niliiandika tarehe hiyo nyuma ya kalenda ya parokia. Leo ni siku ya 19. Zimebaki 11 za kufungua shauri lako dhidi ya mwajiri, na Jumapili zimo ndani yake.

Najua jibu lako: "Mjomba, namwachia Mungu." Ulinijibu hivyo pale kivukoni, tukiangalia feri ikija kutoka Msangamkuu, na sikubishana nawe. Nilibishana nawe baadaye, mezani, mbele za watu, na huko ndiko nilikoharibu.

Tulitoka misa ya pili. Mama yako alikuwa amepika ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, na wanajumuiya wanne walikuwa wamekaribishwa. Tonge lilikuwa tayari mkononi, umeshalibonyeza kwa dole gumba upate kuchotea mboga. Nikasema, kama mtu anayetania, kwamba Paulo alishasema asiyefanya kazi na asile. Mmoja akacheka. Ukalirudisha tonge kwenye sahani, taratibu, alama ya dole gumba ikabaki pale juu. Ukanawa. "Asante mama, nimeshiba." Ulikuwa hujala matonge matatu.

Nimeufungua mstari ule mara nyingi tangu siku hiyo. Wathesalonike wa pili, sura ya 3, aya ya 10: "ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, kula chakula asile." Hataki. Paulo hakusema aliyekosa kazi, wala aliyepunguzwa, wala aliyepewa bahasha saa nane mchana akaambiwa arudishe funguo. Neno moja nililiruka, na mimi ndiye ninayesoma masomo kanisani.

Lakini na wewe nielewe. Huku kwetu kusini mtoto akiharibikiwa anaulizwa mjomba, baba haulizwi. Wiki mbili nilikuwa naulizwa: kwa mwenyekiti wa jumuiya, dukani, hata kituo cha mabasi Masasi. Nilikuwa na aibu yangu mwenyewe, nikaitupia sahani yako. Nilikuwa nataka uamke. Mama yako anasema nilitaka watu wanione. Sisemi amekosea.

Turudi kwa Paulo huyo huyo. Alipoona liwali Festo anataka kumrudisha Yerusalemu, hakusema namwachia Mungu akanyamaza. Matendo 25: "Nataka rufani kwa Kaisari." Alikuwa mtu wa maombi kuliko wewe na mimi, na haki yake ya uraia aliitumia ilivyo, kwa maneno yake rasmi, kwa wakati wake. Kwa hiyo usiniambie kwamba kujaza fomu ni kukosa imani.

Fomu yenyewe ni Fomu Namba 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ya migogoro ya kazi ambayo watu wanaiita CMA. Mtwara wana ofisi, na kufungua mgogoro hulipii. Kwa anayedai kuachishwa isivyo halali, mwisho ni siku 30 tangu kuachishwa. Madai mengine yana siku 60, na kuchanganya hizi mbili ndiko kunakowaponza wengi. Siku zikipita, lazima kwanza uombe kuongezewa muda, kwa kiapo, ukieleza kila siku uliyochelewa ulikuwa wapi na kwa nini. Novena ni siku 9. Sali novena yako, ila usije ukaapa mbele ya mwamuzi kwamba ulikuwa unasali novena.

Jina la mwajiri liandike kama lilivyo kwenye mkataba. Usiandike jina la meneja, wala jina lililochorwa getini. Sehemu B ni ya walioachishwa kazi tu, na wewe ni mmoja wao, usiiache wazi. Humo unaeleza mawili: kama sababu ilikuwa ya haki, na kama utaratibu ulifuatwa. Je, uliitwa kwenye kikao? Ulipewa nafasi ya kujitetea, ukiwa na mwenzako wa kukusimamia? Kama ni kupunguzwa, mlishauriana kabla? Kisha mwajiri ndiye anayepelekewa nakala kwanza, asaini na kuandika tarehe. Akikataa kupokea, ipeleke posta kwa rejista na stakabadhi uitunze. Halafu ndiyo unakwenda Tume ukiwa na ushahidi kwamba amepelekewa. Na siku ya usuluhishi ukiitwa, fika. Mlalamikaji asipotokea, shauri lake linaweza kufutwa.

Uliniambia walikusihi uandike mwenyewe barua ya kuacha kazi, "ili jina lako libaki safi". Ukakataa. Hapo ulinifurahisha kuliko siku ya kipaimara chako, na sikukuambia. Barua ile ungeiandika, kiinua mgongo kingekwenda, shauri la kuachishwa lingekwenda, na fao la upotevu wa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii unaouchangia, lingekwenda pia, maana aliyeacha kazi kwa hiari yake halipati.

Kiinua mgongo usikadiriwe na mtu, kikokotoe mwenyewe. Ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, isizidi miaka 10. Wewe ulikuwa unafanya siku 6 kwa wiki, kwa hiyo gawa mshahara wa mwezi kwa 26. Tuseme ni 390,000: siku moja ni 15,000, siku 7 ni 105,000, na kwa miaka yako 5 ni 525,000. Juu ya hiyo kuna mshahara wa siku ulizofanya, likizo uliyokuwa hujachukua, notisi ya siku 28 kama hukupewa, nauli ya kukurudisha ulikoajiriwa kama si hapo hapo, na cheti cha utumishi. Cheti wengi wanakisahau, halafu mwaka ujao wanakwenda kukiomba kwa mtu ambaye hawasalimiani naye. Wakikuletea karatasi inayosema umepokea haki zako zote na huna dai lolote, isome hadi mwisho kabla ya kugusa kalamu. Pesa iliyo mezani ina kishawishi, hasa kodi ya nyumba ikiwa imefika.

NSSF nenda wiki hii hii, uchukue taarifa ya michango na kuikagua mwezi kwa mwezi ukilinganisha na hati zako za mshahara. Mwajiri hukata vizuri sana. Kupeleka ndiyo habari nyingine. Fao lenyewe linataka uwe umechangia angalau miezi 18, na linalipa theluthi ya mshahara kwa miezi isiyozidi 6. Si nyingi. Lakini litakuweka mbali na mikopo ya kausha damu, na mbali na yule mtumishi anayetaka kiinua mgongo chako kiwe "mbegu". Sadaka ni njema. Anayeipangia kiwango akijua umefukuzwa kazi jana, huyo mkwepe.

Na usikimbilie Newala kabla ya fomu. Mikorosho ya bibi haiendi kokote, minada haianzi mpaka Oktoba, na fedha ya korosho ni ya mara moja kwa mwaka. Ukishakuwa kule, utaniambia nauli ya kurudi Mtwara huna, na siku 11 zitaliwa na palizi.

Sasa kusali. Mama yako anasema unaamka saa kumi na moja alfajiri, unavaa, halafu unakaa kitandani na viatu miguuni. Saa hiyo hiyo ndiyo usali, kwa sababu ndiyo inayouma. Usitafute maneno ya shukrani ambayo huna. Chukua Zaburi ya 13. Daudi anauliza "hata lini" mara nne katika aya mbili, na hakuna malaika aliyemkemea. Ukishindwa hata hiyo, soma Mathayo 20, wale waliokutwa sokoni saa kumi na moja jioni. Wanaulizwa mbona mmesimama mchana kutwa bila kazi. Wanajibu: "Kwa sababu hakuna mtu aliyetuajiri." Mwenye shamba hakuwaambia wangeamka mapema. Hakuwanukulia mtu. Aliwapeleka shambani, na jioni akawalipa dinari nzima.

Kwenye jumuiya usiende kwanza, kama hutaki. Nasema hivi nikijua katekista atanisoma. Yako maombi ambayo ni masengenyo yaliyofumbwa macho: "Bwana, umjalie kijana wetu moyo wa kujituma." Niliyasali hayo, tena kwa sauti, wiki ile kabla ya chakula. Mungu alijua nazungumza na nani.

Leo nakuombea hivi. Bwana, uliyemkuta Eliya amelala chini ya mretemu akitaka kufa, hukumuuliza chochote kwanza. Ulimwekea mkate wa makaa na gudulia la maji, akala, akalala tena, ukamwamsha mara ya pili ale. Mlishe huyu kijana kabla hatujamshauri. Mpe usingizi. Mpe mkono usiotetemeka kwenye Sehemu B. Aliyemtoa kazini umguse naye, kwa namna unayoijua wewe, maana mimi nikianza kumwombea huyo nitakosea tena. Amina.

Kesho napanda basi la alfajiri kutoka Masasi. Nitashuka kidogo Ndanda kwa padre, kisha nitafika Mtwara kabla ya saa sita. Fomu ninazo nakala tatu, na kalamu ya wino wa bluu. Mama yako nimemwambia asialike mtu. Apike ugali wa muhogo na kisamvu kile kile, mimi nitakaa upande wa mlangoni, na mpaka umeze la mwisho sitasema neno.

Mjomba wako