Riba yao wenyewe ndo ilinivusha limiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako, maana juzi kuna msomaji aliandika kwamba ovadrafti ya benki (ile ruhusa ya kutoa hela zaidi ya uliyonayo kwenye akaunti) ni kausha damu, yani mkopo wa riba ya kunyonya, iliyovaa tai. Nilicheka sana hapa dukani, afu nikakaa nikaona hapana, huyu mwenzangu kaumia kama nilivyoumia mimi ila kakosea pa kulaumu.

Mimi nauza vifaa vya ujenzi huku Tegeta, saruji, nondo, bati, misumari na vikorokoro vingine. Walio kwenye hii biashara wanaijua, mkandarasi anabeba mzigo leo anakwambia bosi subiri nilipwe, na yeye kule anakodai anaambiwa hivohivo, wakati mwenye nondo wa Kariakoo hataki kusikia habari za mkandarasi wako, yeye anataka hela au cheki yenye tarehe. Hapo katikati ndo ovadrafti ilipotengenezewa makao. Na si kitu cha jana, huko Scotland mwaka 1728 benki moja ilimruhusu mfanyabiashara wa Edinburgh atoe pauni 1,000 zaidi ya alichokuwa nacho, na kisa chenyewe ni hikihiki, hela ya kulipa inatakiwa kabla ya hela ya kulipwa haijafika. Hata Songesha ya kwenye M-Pesa, ile inayokumalizia muamala salio likipungua, ni mdogo wake huyohuyo.

Benki yangu, jina naliacha, ilinipa limiti ya milioni 30 kwa mwaka mmoja, riba asilimia 20 kwa mwaka, dhamana nyumba. Mama watoto akaitwa naye akasaini maana sheria inataka mwenza aridhie nyumba ya familia ikiwekwa rehani (alisaini huku ananiangalia kwa jicho ambalo mpaka leo sijalisahau). Maana yake akaunti ya duka ikisoma sifuri naendelea tu kutoa mpaka ifike mainasi milioni 30. Na riba inahesabiwa kila siku kwa kile ulichotumia, basi. Ukichukua milioni 12, siku 10 mkandarasi akalipa ukarudisha, riba yako ni shilingi 65,753. Kwa mzigo wa milioni 12 hiyo hela ni nini? Ungechukua mkopo wa kawaida wa milioni 30 riba ingetembea kwenye zote hata kama nusu imelala kwenye akaunti haina kazi. Kwahiyo kuiita kausha damu hapana, hapo namkatalia.

Sasa nilivyoharibu. Miezi ya mwanzo afisa mikopo alikuwa rafiki yangu kabisa, ananipigia, mzee vipi mbona hutumii, usiiache ilale. Nikatumia. Nikazoea. Ikafika mahali nikaanza kuiona ile milioni 30 kama mtaji wangu, nikajaza bati stoo. Mwezi wa sita nikawa nimeshafika milioni 29 na laki 8 na nikaganda hapohapo mwezi mzima, najisemea bado nina laki mbili mkononi niko ndani ya limiti sina kosa. Mwisho wa mwezi benki ikakata riba yake, shilingi 489,863, na inakata kwenye akaunti hiyohiyo. Yani sijatoa hata senti moja, riba yao wenyewe ndo imenivusha limiti kwa shilingi 289,863! Asubuhi naamka na meseji nimezidisha, na kile kilichozidi kina riba ya adhabu peke yake, na kesho yake cheki ya mwenye nondo ikarudi, na cheki kurudi nayo wana ada yake.

Ada nilimeza. Kilichoniuma ni Kariakoo. Yule bwana tumefanya naye kazi miaka, nilivyoenda kumwomba radhi hakufoka, alinivutia kiti, akaagiza soda, akaniambia "kaka yangu, safari ijayo njoo na keshi tu." Ikawa ndo imeisha habari ya mzigo wa cheki kwa yule.

Mwaka ulivyoisha nikaenda kuomba waniongezee muda, na moyoni nikawa najua watanipandisha mpaka 40, si mwaka mzima riba yao wameipata yote? Wakanishusha mpaka 18. Zile 12 wakazigeuza mkopo wa kulipa kila mwezi. Rafiki yangu alishahamishwa tawi, nikamkuta binti mmoja mdogo tu lakini anajua kazi yake, akanigeuzia kompyuta nione stetimenti. Miezi saba akaunti haijapanda juu ya sifuri hata siku moja. Akanambia, "Baba, ovadrafti inatakiwa ishuke na ipande, hii yako imeshuka ikalala." Wao ukilala hivyo hawaoni tena mtu aliyepungukiwa siku mbili tatu, wanaona shimo. Na nyuma yao kuna Benki Kuu, BoT, inayotaka mikopo chechefu, yani ile isiyolipwa inavyotakiwa, isivuke asilimia 5, kwahiyo akaunti ikiganda wanaanza kuvuta kamba mapema kabla haijafika huko. Mimi niliyekuwa najisifu kwamba natumia na nalipa riba, kumbe kwa macho yao nilikuwa mgonjwa muda mrefu.

Na hapa niseme ukweli hata kama naonekana mjinga. Mauzo nilikuwa nayo. Ila wateja wangu wa rejareja wanalipa kwa lipa namba na keshi, na hiyo hela mimi jioni naichukua, kesho yake asubuhi naenda nayo Kariakoo moja kwa moja, benki haipiti. Sasa mtu wa benki akifungua akaunti anaona duka kama limehamwa vile. Ningekuwa naipitisha mule hata kama inalala usiku mmoja tu, riba ya siku hiyo ingepungua na mzunguko ungeonekana. Hili hakuna aliyeniambia siku nasaini. Afisa alinambia tumia. Kutumia peke yake, nani hawezi?

Ndo maana ninachowalaumu benki si riba wala kunishusha, wana haki yao. Ni ukimya. Hivi inashindikana nini kunitumia meseji siku tano kabla ya mwisho wa mwezi kwamba riba yako itakuwa kiasi fulani na nafasi iliyobaki haitoshi, wakati meseji za kuniuzia bima na kadi zinakuja kila siku? Inashindikana nini mwezi wa tatu kunipigia kwamba akaunti imelala, mpaka tusubiri mwaka uishe? BoT ina kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha tangu 2019, ila nani anakaa na mteja kumwelewesha kitu kabla hakijamkuta?

Maana ukiwahi wewe wanasikiliza, nimejaribu. Mwezi uliopita mkandarasi mmoja alichelewa, nikaona kabisa limiti ya milioni 18 haitatosha, nikaandika barua siku tano kabla, nikaambatanisha ankara zake na oda yake. Wakaniruhusu kuzidisha milioni 2 kwa wiki mbili, ada ndogo, cheki zote zikapita, mkandarasi akalipa siku ya tisa. Benki ileile, akaunti ileile. Yule msomaji kama anasoma hii namshauri afanye hivo kabla hajawaita majina.

Barua ya ofa ya mwaka ule wa kwanza ninayo hapa kwenye droo. Kurasa 11, zote Kiingereza, na ukurasa wa saba unasema benki inaweza kuidai hela yote siku yoyote itakayotaka. Sahihi yangu ipo chini yake, na ya mama watoto.

Muuza vifaa vya ujenzi,
Tegeta, Dar es Salaam