Vijana wa Kondele, hiyo pasipoti msiipeane kimya kimya

Wajukuu zangu wa Kondele na Manyatta, hapa Kisumu,

Wiki jana nikiuza omena zangu kijana mmoja alikuja akakaa kwa kreti pale nyuma, uso umemshuka. Pasipoti yake ilichukuliwa na afisa, sasa ni karibu miezi mitano, ati "kuna kitu tunaangalia". Nikamuuliza, alikupea karatasi gani? Akanionyesha mikono mitupu. Jina la afisa? Hajui. Na mamake aliuza ng'ombe ndio hiyo kitu ipatikane! Kisha nyinyi marafiki zake mkamwambia serikali ni serikali, atulie, kwani pasipoti si ni yao. Hapo ndio nilishikwa na hasira hadi nikakosea kupima gorogoro.

Sikizeni. Kitabu chenyewe ni mali ya serikali, sawa. Lakini haki ya kuwa nacho ni yako. Zamani haikuwa hivyo, kwa kesi ya Mwau 1983 koti ilisema pasipoti ni hisani tu, na sisi tukaishi hivyo tukinong'ona. Katiba ya 2010 ndio ilimaliza hayo maneno: kifungu cha 12 kinasema huwezi kunyimwa, kusimamishiwa wala kunyang'anywa isipokuwa kwa sheria ya Bunge, na hiyo sheria iwe imetimiza masharti ya kifungu cha 24, yaani kuwe na sababu ya maana, si chuki ya mtu. Kifungu cha 47 nacho kinakupa haki ya kuandikiwa sababu. KUANDIKIWA! Chaja ya mia mbili mnadai risiti, pasipoti mnapeana mkicheka?

Mengine ni madogo. Koti ikisema uweke pasipoti ndio upewe bondi, weka. Ikipotea, ripoti polisi. Usidanganye kwa fomu. Ajenti wa kazi za Saudia asikae nayo.

Na siwadanganyi ati koti inamaliza yote. 2018, Raila alipojiapisha Uhuru Park, pasipoti za viongozi wa upinzani zilisimamishwa, koti ikazuia. Miguna wetu wa Nyando, yule wakili aliyefukuzwa nchini mwaka huo huo, naye koti ilimpa haki, lakini alikuja kukanyaga nyumbani Oktoba 2022 tu. Miaka minne! Na sisi tulikuwa kwa base tukibishana, ati ana mdomo sana. Mwenye mdomo si raia?

Wewe wa kreti, mtoto wangu, Jumamosi kuja na kalamu, na kama ulipiga kopi ya ile ukurasa wa picha ubebe. Tutaandika barua ya kuuliza sababu, nakala mbili, moja waigonge muhuri ukiona, urudi nayo. Nauli nitakupea.

Ni mimi, dani yenu wa omena