Kabla ya kulipia shata mpya, ijaribuni kamera bila flashi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumze na wapiga picha wenzangu, hasa wa harusi na mahafali, pamoja na mafundi wanaotutengenezea kamera, kuhusu hitilafu inayowafanya watu walipe gharama ya shata mpya (kifaa cha ndani ya kamera kinachofungua na kufunga njia ya mwanga) ilhali ile ya zamani haina kasoro yoyote.

Hitilafu yenyewe ni ukanda mweusi unaojitokeza kwenye picha iliyopigwa ukumbini kwa flashi. Nyuso zinaonekana vizuri, lakini sehemu ya chini au ya pembeni imefunikwa na giza lenye ukingo ulionyooka sambamba na upande mrefu wa picha. Mwenye kamera anapoipeleka kwa fundi huambiwa kwamba shata imekufa, na kwa kuwa harusi nyingine iko Jumamosi, hulipa bila kuuliza.

Shata ya kamera nyingi zenye lenzi za kubadilisha ina mapazia mawili. La kwanza hufungua njia ya mwanga na la pili hulifuata likiifunga. Kasi ya shata, yaani muda ambao mwanga huruhusiwa kuingia, ikiwa ndogo, pazia la kwanza humaliza safari kabla la pili halijaanza, hivyo hupatikana kitambo ambapo sensa yote, yaani sehemu inayopokea picha, iko wazi, na hapo ndipo flashi huwaka. Kasi ikipita kiwango fulani, pazia la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijafika mwisho, na kinachobaki wazi ni mwanya mwembamba tu unaopita mbele ya sensa. Mwako wa flashi, ambao kwa kawaida hudumu sekunde 1/1000 hivi au pungufu, huikuta sehemu moja tu ikiwa wazi. Kiwango hicho ni sekunde 1/250 kwa Nikon D850, 1/200 kwa Canon 5D Mark III, 1/180 kwa Canon 6D, na 1/60 tu kwa Pentax K1000 ya filamu.

Wengi watauliza kwa nini tatizo hili halikutokea walipotumia flashi ya kampuni ileile iliyotengeneza kamera. Sababu ni kwamba flashi ya namna hiyo huwasiliana na kamera kupitia nukta kadhaa za mguso, na kamera ikiitambua hukataa kuvuka kiwango chake. Triga nyingi za redio za bei nafuu, yaani vifaa vya kuiwasha flashi kutoka mbali bila waya, na flashi nyingi za studio tunazoziwasha kwa triga hizo, hutegemea nukta moja ya katikati ambayo huamuru flashi iwake na haisemi lolote zaidi. Kamera haijui kuwa kuna flashi, kwa hiyo hukuruhusu kuweka 1/500 au hata 1/1000. Ndiyo maana ukanda mweusi huanza kuonekana mara tu mtu anaponunua triga, naye huamini kwamba kamera imeharibika ghafla.

Jaribio la kwanza halina gharama. Ondoa flashi, toka nje kwenye mwanga wa jua, kisha piga kwa kasi ileile iliyokuletea ukanda. Picha ikitoka safi, shata haina lawama. Rudisha flashi na ushuke hadi 1/200, 1/160, kisha 1/125, kwa sababu baadhi ya triga huchelewesha amri kidogo na kukulazimisha kukaa chini ya kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha kamera. Giza likibaki hata bila flashi, hapo ndipo fundi anapohitajika kweli.

Michirizi mingi hafifu inayojirudia chini ya taa za LED ni jambo jingine, linalotokana na kupepesa kwa taa hizo. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa zinazofuata mkondo wake hupepesa mara 100 kwa sekunde, na kasi ya 1/100 au 1/50 kwa kawaida huiondoa michirizi hiyo. Vilevile, flashi ikigoma kabisa kwenye kamera isiyo na kioo cha ndani (mirrorless), angalia kwanza kama hujawasha shata ya kielektroniki ya kupiga kimya, kwa kuwa kamera nyingi huizima flashi katika hali hiyo.

Kazi ngumu zaidi ni picha za maharusi juani. Kwa ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kamera kupokea mwanga) na tundu la lenzi la f/4, jua kali la mchana hudai takriban 1/1600, mbali sana na kiwango cha kamera zetu. Flashi zenye uwezo wa kumulika mfululizo kwa kasi kubwa husaidia, ila hupoteza nguvu nyingi na hulazimika kusogezwa karibu. Mimi napendelea kichujio cheusi cha ND8 mbele ya lenzi, kinachopunguza mwanga mara nane, ambacho huirudisha kasi hadi 1/200 bila kubadili tundu.

Nawaomba wauza triga wamweleze mnunuzi kiwango cha kamera yake kabla hajaondoka dukani. Nanyi mafundi, nawasihi mfanye jaribio la bila flashi mbele ya mteja kabla ya kufungua skrubu hata moja, na mumwonyeshe picha zote mbili.

Wako,
Mpiga picha wa studio,
Morogoro