Mpwa wangu, punje za mahindi hazitoki mezani

Mpwa wangu,

Jumapili ulipofika mlangoni ulinigeukia ukasema, "Mjomba, toa zile punje za mahindi, mchezo utaenda mbio." Ni zile tunazohesabia wapagazi katika mchezo wetu wa ubaoni wa Vita vya Kwanza vya Dunia hapa Afrika Mashariki. Sikukujibu. Wiki nzima nimelitafakari, na jibu langu ni hapana.

Najua zinakuchosha. Kusogeza kete za askari wa KAR, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, kutoka Lindi hadi Mahiwa, kusini mwa Tanzania ya leo, ni kazi ya dakika tano. Kuwahesabia wapagazi wao ni nusu saa. Lakini hebu piga hesabu nami. Mpagazi anajitwika kilo 25 hivi, na kwa siku anakula karibu kilo moja ya posho. Kikosi kikiwa mwendo wa siku kumi, atakula kilo kumi kwenda na kumi kurudi. Atakayofikisha ni tano. Kikisogea siku mbili zaidi, anafikisha moja. Siku ya kumi na tatu, mzigo wote haumtoshi hata yeye mwenyewe kurudi. Na farasi, nyumbu na ng'ombe huwezi kuwaweka ubaoni, mbung'o waliwamaliza. Ndiyo maana mwaka 1917 serikali ya kikoloni ilimpa ofisa wake John Ainsworth kazi ya kukusanya wanaume wa huku kwetu kwa maelfu, wapende wasipende.

Bila punje hizo, Mahiwa haieleweki. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917 jemadari wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, aliwazuia Waingereza na kuwapiga vibaya, kisha mwezi uliofuata akavuka mto Ruvuma akaingia Msumbiji. Mshindi anakimbia! Risasi na chakula vilikuwa vimemwishia. Ulinuna Jumapili sheria zilipokulazimisha kurudi nyuma baada ya kushinda. Yeye pia alirudi.

Kuna na dadu ya magonjwa, ile unayoiita ya mkosi. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuuawa na risasi: ni kuhara, malaria, nimonia, na unga usioiva vizuri katika matumbo yaliyozoea chakula kingine.

Wewe unashukia Kariokor, hapa Nairobi, kila jioni. Jina hilo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, likiwa limepita kwenye ulimi wetu. Na ile sanamu ya askari pale Kenyatta Avenue ina maandishi yanayowaita miguu na mikono ya jeshi, bila jina la hata mmoja wao. Siwezi kuwafuta tena mezani kwangu ili tuwahi chakula cha mchana.

Kama shida ni muda, tuache jedwali la bombomu, yaani bunduki za rashasha, kukwama. Hilo sitalilia.

Jumapili njoo saa tatu asubuhi. Punje zinazokufa hatutazirudisha kwenye kopo, tutaziweka kwenye sahani nyeupe katikati ya meza tuzione. Pitia Kariokor uninunulie robo kilo ya mahindi makavu. Yale ya juzi yalituishia kabla hatujafika Mahiwa.

Mjomba wako